Usiku wa mahafali Karatu: kutoka karabai hadi zulia jekundu

Septemba na Oktoba ni miezi ya vumbi Karatu. Ule udongo mwekundu unaolea kahawa na ngano huinuka na kutua juu ya kila kitu, hasa mashati meupe. Ndiyo pia miezi ya mahafali ya kidato cha nne, maana mtihani wa taifa huanza Novemba. Ukipita Jumamosi barabara ya Makuyuni kwenda lango la Lodoare, utakuta turubai limefungwa shule hii, spika zinanguruma shule ile. Akina mama waliojifunga vitenge na wazee wenye rubega na fimbo wanashuka kwenye Noah na bodaboda, mikononi wameshika mataji ya karatasi za kumetameta ya kuwavisha watoto wao. Magari ya watalii yanawapita yakiwahi kreta ya Ngorongoro.

Wamarekani wana usiku wao wa kuagana shule, wanauita prom. Ulianzia vyuoni kwao mwishoni mwa karne ya 19, kisha ukashuka hadi shule za sekondari. Sisi tulikuwa na mahafali mchana na disko usiku. Mahafali yana kumbukumbu: risala huwekwa kwenye faili, mgeni rasmi husaini kitabu cha wageni. Disko halikuandikwa popote, na kwa waliolicheza ndilo linalokumbukwa zaidi.

Kuwaaga vijana kwa shangwe hakukuja na shule. Wasichana wa Kiiraqw waliwekwa ndani wakafundwa katika unyago ulioitwa marmo, na humo ndimo zilimotoka zile sketi za ngozi zilizonakshiwa kwa shanga, ambazo leo ukizitaka utazikuta makumbusho. Marmo yalikoma zama za ukoloni. Wamasai wa Ngorongoro bado wana eunoto, siku ambayo morani ananyolewa nywele na mama yake na kuingia daraja la juu. Mwenye kuyajua haya hatashangaa kwamba wazazi wa huku walizielewa sherehe za shule tangu mwanzo, hata wale ambao hawakuwahi kushika kalamu.

Ila zamani waliofika sekondari walikuwa wachache mno. Karatu ilikuwa bado sehemu ya Mbulu, hadi ilipokatwa kuwa wilaya katikati ya miaka ya 1990. Mtoto aliyefaulu kwenda sekondari alipanda lori kwenda Ilboru au Old Moshi, na baadaye hata Tabora kwa treni. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, serikali iliwachanganya vijana makusudi: wa Oldeani akalala kitanda kimoja cha ghorofa na wa Lindi. Kwa hiyo kuagana kulikuwa kuagana kweli. Hapakuwa na simu mfukoni. Waliomaliza kidato cha sita waliingia JKT, maana tangu mwaka 1966 hadi utaratibu ulipositishwa mwaka 1994, ilikuwa lazima kwa mujibu wa sheria. Aliyekuaga usiku ule ungeweza usimwone tena.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa migumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, sukari na sabuni vikawa vya foleni. Sherehe ikawa ng'ombe mmoja, maharage ya shamba la shule, na kwaya. Kisha biashara ikalegezwa katikati ya muongo huo, mitumba ikaingia, na hapo ndipo usiku wa mahafali ulipobadilika sura. Mnada wa Karatu wa tarehe 7 ya kila mwezi ukawa duka letu la suti. Kijana alichagua koti la mzungu asiyemjua, mabega yakimzidi, akalipeleka kwa fundi cherehani alipunguze, kisha akalipiga pasi ya mkaa usiku kucha akiomba cheche isiruke.

Mimi nilimaliza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na usiku ule naweza kuueleza hatua kwa hatua. Meza za bwalo zilisogezwa ukutani. Sakafu ilimwagiwa maji mara mbili ili vumbi lisituamkie tukianza kucheza. Jenereta lilikuwa la kuazima, na kwa tahadhari walimu walining'iniza karabai mbili darini. Zile karabai ndizo zilizotuokoa mafuta ya jenereta yalipokwisha. Kaseti zilikuwa chache, mkuu wa disko akizirudisha nyuma kwa kuzizungusha kwenye kalamu ya Bic ili kulinda betri. Tulimcheza Kanda Bongo Man na kwasakwasa yake, tukamcheza Pepe Kalle, tukawacheza Sikinde. Ikija bluzi, matroni alisimama katikati ya bwalo, rula ya ubaoni mkononi, akienda jozi hadi jozi kuhakikisha rula ile inapita katikati yao bila kugusa mtu. Leo namshukuru. Mama yule alitujua wote kwa majina, na saa sita ilipogonga ndiye aliyeomba wimbo mmoja zaidi.

Nje baridi ilikuwa ya Karatu hasa, ile inayoteremka kutoka misitu ya Ngorongoro. Tulitoka na jasho tukakaa kwenye ngazi za bwalo, Muiraqw, Mmasai, Mbarbaig, Mchaga na Mmeru, tukiandikiana kwenye madaftari ya kumbukumbu: anwani ya posta, timu unayoipenda, neno la mwisho. Daftari langu ninalo. Baadhi ya walioandika humo wameshatangulia mbele za haki, na mwandiko wao ndio pekee niliobaki nao.

Muziki wa usiku huo nao umekuwa na historia yake. Mwaka 2004, X Plastaz wa Arusha walitoa albamu wakichanganya kufoka na uimbaji wa Kimasai, na vijana wa huku wakasikia sauti ya nyumbani kwenye spika zilezile zilizokuwa zikipiga muziki wa Kongo. Wakafuata kina Joh Makini. Miaka hiyohiyo barabara ya lami ilifika lango la Ngorongoro, na spika kubwa za kukodi kutoka Arusha zikaanza kupanda mlima wa Mto wa Mbu.

Lililobadilisha mambo zaidi ni shule za kata. Baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004, shule zilichipuka karibu kila kata, na ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ikafutwa kuanzia mwaka 2016. Mahafali yakawa ya kijiji kizima. Kwa binti wa kifugaji huko Ngorongoro, kuvishwa joho kuna uzito wa pekee, maana wengi wa rika lake huolewa kabla hawajafika hapo. Nimewahi kumwona baba aliyekuja kwa miguu kutoka mbali, akamzungushia bintiye shuka mpya juu ya joho, akakataa kuitoa hata kwa ajili ya picha.

Wapo pia ambao hawakufika. Tarehe 6 Mei 2017, basi la shule lililokuwa likileta watoto wa darasa la saba Karatu kufanya mtihani wa majaribio lilitumbukia korongoni Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Kidato cha nne wangekimaliza mwaka 2021. Mwaka 2020 nao, shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirudi Juni 1 na kuingia kwenye mtihani mwezi uleule, wengi bila mahafali.

Siku hizi baadhi ya shule binafsi zimeleta hiyo prom yenyewe: zulia jekundu, gauni la kukodi, mpiga picha. Sioni ubaya wa kijana kupendeza. Ubaya nauona pale mchango unapopanda hadi mzazi wa Mang'ola auze vitunguu kabla ya bei nzuri, au mtoto abaki bwenini kwa aibu ilhali wenzake wanacheza. Kamati za wazazi zina uwezo wa kuzuia hilo: mchango uwe mdogo, na asiye nacho aingie.

Nawaomba na wakuu wa shule wa Karatu na Ngorongoro watenge kabati moja la picha na madaftari ya wahitimu. Nawe msomaji uliyesoma huku, fungua sanduku, toa ile picha ya bwaloni, andika nyuma yake majina na mwaka ungali unayakumbuka, kisha upeleke nakala shuleni kwenu kabla ya mahafali ya mwaka huu.