BAHARI ILE ILE, SAFARI MBILI

Ndugu msomaji, shuleni twafundishwa kwamba Vasco da Gama "aligundua" njia ya baharini ya kwenda Hindi. Hebu tuitazame safari yenyewe tarehe kwa tarehe, kisha uamue wewe.

Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Tarehe 20 Mei akatia nanga karibu na Calicut. Hata mwezi haukutimia! Kurudi, aliiacha pwani ya Hindi tarehe 5 Oktoba, na Afrika hakuiona hadi tarehe 2 Januari 1499, karibu na Mogadishu. Mabaharia wapatao 30 walikufa njiani kwa kiseyeye. Waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, ikabidi baadaye moja ichomwe moto.

Bahari ni ile ile. Sasa tofauti yatoka wapi?

Maji ya juu ya bahari husukumwa na upepo. Upepo ukishika upande mmoja kwa muda mrefu, maji nayo huenda kama mto ndani ya bahari. Huo ndio mkondo. Kuzunguka kwa dunia huupinda: kaskazini ya Ikweta huelekea kulia, kusini yake kushoto.

Kwingineko mikondo mikubwa haibadili njia mwaka mzima. Bahari yetu ina mambo yake. Jua linapoipasha moto bara Asia, hewa ya huko hupanda, na upepo huvutwa kutoka kusini. Hiyo ni kusi. Asia ikipoa, upepo hugeuka ukawa kaskazi. Mkondo wa Somalia hugeuka pamoja nao: wakati wa kusi waenda kaskazini kwa kasi kubwa, wakati wa kaskazi warudi kusini.

Basi Da Gama alipotoka Malindi, kusi ilikuwa yaanza. Upepo na maji vyote vikambeba. Aliporudi, kusi imekwisha na kaskazi bado haijashika. Mara upepo hakuna, mara ni wa mbisho. Nahodha yeyote wa jahazi angemwambia: ngoja kaskazi.

Na yule rubani je? Wengi tumeambiwa ni Ahmad ibn Majid wa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo. Watafiti wengi sasa hawakubali. Mwandishi wa Kireno João de Barros amtaja Muislamu wa Gujarat kwa jina la "Malemo Cana". Malemo ni muallim, yaani mwalimu, kama walivyoitwa waongozaji wa vyombo. Na Ibn Majid hahitaji sifa isiyo yake. Kitabu chake cha mwaka 1490 hivi kilishaeleza misimu ya safari kabla Mreno hajafika kwetu.

Kwa hivyo, kijana mwenzangu, njia ilikuwa na wenyewe. Ilmu hiyo haikuwa vitabuni pekee, ilikuwa vifuani mwa wazee wetu, na wanaondoka mmoja mmoja. Ramadhani hii, baada ya futari, kaa na mzee aliyesafiri kwa jahazi. Muulize habari za kusi na kaskazi, na uwe na kalamu mkononi.