Ukame wa Dunia na Shamba la Mlau

Ndugu wakulima, tukisikia neno ukame, mawazo hukimbilia jangwani. Lakini ukame haupimwi kwa mvua peke yake. Mvua ya mwaka hulinganishwa na maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyakausha. Mvua isipofika kama theluthi mbili ya maji hayo, hapo ni nchi ya ukame. Kwa kipimo hicho, karibu asilimia 40 ya ardhi ya dunia ni ya ukame. Hewa ya joto hupanda kwenye Ikweta na kumwaga mvua. Inaposhuka kaskazini na kusini huwa imekwisha kauka. Ndiyo sababu Sahara na Uarabuni ziko upande mmoja, Kalahari na Australia upande wa pili. Kwetu, Dodoma na Singida zimo, nazo zina msimu mmoja tu wa mvua.

Je, hayo yanatuhusu nini sisi wa Kibiti na delta? Yanatuhusu sana. Misri ni jangwa, lakini ililima maelfu ya miaka kwa maji ya mvua za Ethiopia yaliyoletwa na mto Nile. Rufiji nayo hutuletea mvua za mbali, kupitia Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Wazee wetu walilijua hilo. Masika walilima mpunga. Maji yalipopungua walipanda mahindi, kunde na maboga kwenye udongo wenye unyevu, bila kungoja mvua. Huo ndio mlau.

Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, 1968 na 1969, ikawahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vya juu. Huko nyumba zilisalimika, lakini udongo wa kichanga hauweki maji, na mvua ikikatika mahindi hunyauka. Basi wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, wakilala kwenye madungu kulinda mazao na nguruwe. Haukuwa ukaidi. Walijua maji yako wapi.

Misri ilimaliza Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1970, na gharika ya kila mwaka ikakoma mashambani. Bwawa letu la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Hata hivyo, Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Kwa hiyo, ndugu mkulima, usiyategemee maji ya mto kama zamani, wala usidhani hayarudi tena.

Ukiweza, shika mashamba mawili. Juu, weka muhogo, mtama na mikorosho. Bondeni, panda mbegu za muda mfupi mara maji yanapoondoka. Na kote, usichome mabua. Yatandaze shambani yazuie jua lisinywe unyevu wako. Ukame huanza pale maji yanapopotea, hata kando ya mto.