MISRI ILIVYOTIWA MKONONI KWA DENI: KISA CHA ISMAIL PASHA NA MFEREJI WA SUEZ

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mnaniuliza sana kuhusu Misri. Nchi ya Azhar, yenye Mto Nile na Mfereji wa Suez, inakuwaje kila baada ya miaka michache tunasikia sarafu yake imeanguka na imekwenda tena IMF? Mwaka 2016 ilipata mkopo wa dola bilioni 12. Mwaka 2024 pauni yake ikaachwa ishuke tena, na mkopo mwingine ukapandishwa hadi dola bilioni 8. Leo sitawahukumu watawala wa sasa. Nataka turudi nyuma miaka 150, maana mlango huu Misri ilishawahi kuupita, na yaliyoikuta yanatufaa sisi sote.

Neema ya pamba

Ismail Pasha, mjukuu wa Muhammad Ali, alishika utawala mwaka 1863 chini ya dola ya Uthmania. Alikuta Misri inaogelea katika pesa. Marekani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, pamba yake haitoki, na viwanda vya Ulaya vikakimbilia pamba ya Misri kwa bei yoyote. Mwaka 1865 vita vikaisha, bei ikaporomoka. Lakini matumizi ya Ismail hayakushuka pamoja na bei.

Tumfanyie uadilifu. Hakula zote. Alijenga reli, mifereji ya kumwagilia mashamba, nyaya za telegrafu na shule. Lakini alijenga pia makasri na jumba la opera, na Novemba 1869 Mfereji wa Suez ulipofunguliwa, wafalme na wakubwa wa Ulaya walikirimiwa kwa sherehe zilizomeza mali nyingi. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Deni linalozaa deni

Deni la nje halikuanza na yeye. Mtangulizi wake, Said Pasha, ndiye aliyechukua mkopo wa kwanza mwaka 1862. Ismail alirithi deni dogo, na hadi mwaka 1876 likafika takriban pauni milioni 90. Limekuaje hivyo? Kwa riba, ndugu zangu. Mkopo mkubwa wa mwaka 1873 uliandikwa pauni milioni 32, lakini Misri ilipokea kama milioni 20 tu, huku riba ikihesabiwa juu ya zile 32 zote. Mkopo mpya ukawa wa kulipia ule wa zamani.

Mwishoni mwa 1875 akauza hisa za Misri katika Mfereji, 176,602, kwa serikali ya Uingereza kwa pauni milioni 4. Mwaka 1880 ikauzwa hata haki ya asilimia 15 ya faida. Tafakari: mfereji uko katika ardhi yao, umechimbwa na wakulima wao, wengi kwa kulazimishwa, na faida haina mwenye nyumba.

Pwani yetu imo humu

Mwaka huohuo wa 1875 Ismail alituma meli na askari wakateka Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash. Barghash akawalalamikia Waingereza, nao wakamshinikiza Ismail, akaondoa jeshi lake. Mwenye kudaiwa na watu hana sauti mbele yao. Na aliyeokolewa naye asifurahi sana: mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza hiyohiyo.

Mdai anaingia ndani

Mwaka 1876 Misri ikashindwa kulipa. Hapo ikaundwa tume ya wadai ya kusimamia deni, kisha wakaguzi wawili, Mwingereza na Mfaransa, wa mapato na matumizi. Mwaka 1878 Mwingereza akawa waziri wa fedha wa Misri! Nile ilikuwa imepungua mwaka uliotangulia, watu wa Misri ya juu wakafa kwa njaa, na kodi ikaendelea kukusanywa ili wadai wa Ulaya wapate fungu lao kwa wakati. Maskini ambaye hakuonja chakula cha sherehe ndiye aliyelipa gharama yake.

Ismail alipojaribu kujitoa, Uingereza na Ufaransa zikambana Sultani wa Uthmania, akamwondoa Juni 1879 na kumweka mwanawe Tawfiq. Afisa mmoja, mtoto wa mkulima, Ahmed Urabi, akasimama kudai bunge na heshima ya nchi yake. Julai 1882 meli za Uingereza zikapiga mizinga Iskandaria, na Septemba Urabi akashindwa Tel el-Kebir, akahamishiwa Ceylon. Askari wa mwisho wa Kiingereza aliondoka Misri Juni 1956. Mwezi uliofuata Gamal Abdel Nasser akautaifisha Mfereji, na kabla ya mwaka kwisha Uingereza, Ufaransa na Israel zikaishambulia nchi.

Tuchukue nini?

Kwanza, katika ardhi hiyohiyo ya Misri Nabii Yusuf alayhis salaam alifundisha kuweka akiba miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Ismail alipata miaka ya neema akaitumia kana kwamba ukame hauji.

Pili, kukopa si haramu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqarah 282, inafundisha namna ya kuandikiana deni. Kilichoharamishwa ni riba, na kisa hiki kinakuonyesha hekima yake kwa hesabu.

Tatu, usiseme hili ni la wafalme tu. Wewe unayechukua mkopo wa simu kulipia mkopo wa simu, wewe dada uliyeingia kausha damu kwa ajili ya sare ya harusi, uko katika njia ya Ismail. Yeye alianza kwa kuuza hisa; wewe utaanza na kitanda, kisha kiwanja. Mtume wetu swalla Llahu alayhi wa sallam akiomba kinga kwa Allah kutokana na mzigo wa deni. Sisi tunaukimbilia.

Allah awafariji ndugu zetu wa Misri, awape viongozi wenye kuhurumia raia, na atulipie madeni yetu kwa halali. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.