SAFU YA LUGHA: Mvuto, mvutano, uvutano

Juzi nimesoma habari iliyosema ndege "inapima mvutano wa anga". Hapo msomaji ataelewa kwamba mataifa mawili yanagombania anga! Maneno haya yote yametokana na kitenzi vuta, lakini kila moja limeshika njia yake. Mvuto ni haiba; sauti ya mwimbaji ina mvuto. Mvutano ni wa watu wanaovutana, kwa kamba au kwa hoja. Uvutano ndio nguvu inayoangusha embe, na chanzo chake ni Dunia, wala si anga.

Ndege hupima huo uvutano. Vihisi vilivyomo husajili mchanganyiko wa mitikisiko ya ndege na uvutano. GPS huonyesha ndege ilivyokwenda, mwendo huo ukaondolewa kwenye hesabu, na kinachobaki ndicho kinachotafutwa. Tofauti zake ni ndogo mno. Hupimwa kwa miligali, jina lililotoka kwa Galileo, na miligali 1 ni kama sehemu moja ya milioni ya uvutano wote. Kazi ya umakini huo inastahili neno lake. Wahariri, tuandikieni uvutano wa Dunia.