Upinde Unaongoja: Kutoka Maling Mpaka Juu ya Miti ya Pennsylvania



Kila majani yanapoanza kupukutika katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, sisi tunaofanya kazi viwandani na maofisini huku tunaona jambo lile lile: wafanyakazi wenzetu wanaanza kuomba likizo za siku mbilimbili. Hawaendi harusini wala msibani. Wanakwenda mwituni kuwinda kulungu. Huko Pennsylvania desturi hii ina nguvu kiasi kwamba shule nyingi za vijijini zimezoea kufungwa msimu wa bunduki unapoanza. Wengine hawangoji bunduki. Wanatoka mapema na upinde, wanapanda mti, wanajifunga kwa kamba, kisha wanakaa kimya saa nne au tano.

Tukiwasikiliza wakati wa chakula cha mchana, mara nyingi hawazungumzii shabaha. Wanazungumzia kulabu. Upinde uangikwe kulia au kushoto? Uwe kimo cha kifua au cha bega? Asiyejua atacheka. Lakini sisi tuliosomea uhandisi tunaona kuwa swali hili dogo lina umri wa zaidi ya miaka 2,300. Ukishatengeneza silaha inayobaki imevutwa bila mkono wa mtu, ni nani anayeishika nguvu hiyo wakati wa kungoja?

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Upinde tunaoujua kwetu unavutwa kwa mkono na kuachiwa kwa mkono. Huu wa Wazungu na Wachina umefungwa kwa kukingama juu ya mti wenye kitako kama cha bunduki. Ugwe unavutwa nyuma, unanaswa na kifundo, na mshale mfupi unalazwa mbele yake. Mwindaji akifinya kifyatuo, ugwe unaachiliwa. Kwa kuwa Kiswahili hakina jina moja lililokubaliwa na wote, hapa tutauita upinde wa kitako.

Wachina walikuwa nao katika karne ya 4 KK. Mwanahistoria wao Sima Qian amesimulia vita vya Maling vya mwaka 341 KK. Jemadari Sun Bin aliwaficha wapiga mishale wake kando ya njia nyembamba, akaamuru mti mmoja ubanduliwe gome, na juu ya mbao nyeupe yakaandikwa maneno ya kumtabiria adui yake, Pang Juan, kifo chini ya mti huo. Amri ilikuwa moja: wakiona moto tu, wafyatue. Pang Juan akafika usiku, akawasha mwenge ili asome, na mishale ikanyesha kabla hajamaliza. Hata tukisema kisa kimetiwa chumvi, kinatuonyesha watu wa zamani waliijuaje silaha hii. Watu wengi wanaweza kuvizia gizani kwa muda mrefu, silaha zote zikiwa tayari, na mikono yao isichoke. Kwa upinde wa kawaida haiwezekani. Aliyeuvuta huweza kuushikilia kwa sekunde chache tu, kisha mkono unaanza kutetemeka.

Siri ilikuwa katika kifyatuo. Mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji wa Xi'an waliligundua jeshi la udongo la mfalme Qin Shi Huang, aliyekufa mwaka 210 KK. Humo vilipatikana vifyatuo vya shaba nyeusi, kila kimoja kimeundwa kwa vipande vichache vilivyoshikanishwa kwa pini. Fundi wa leo akikitazama hahitaji kuelezwa. Vipande hivyo vinapokezana mzigo, hata nguvu kubwa ya ugwe ikazuiwa na kidole kimoja.

Huko Ulaya walikwenda mbali zaidi kwa upande wa nguvu. Hapa tuombe ruhusa ya kupiga hesabu kidogo. Pinde ndefu za Waingereza zilizopatikana katika meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, zinakadiriwa kuwa zilihitaji mvuto wa ratili 100 mpaka 185. Mwaka 1903 Sir Ralph Payne-Gallwey alichapisha kitabu juu ya upinde wa kitako, na alikuwa amejaribu mmoja wa chuma wenye mvuto wa ratili 1,200, ukatupa mshale zaidi ya yadi 400. Mtu atadhani huu una nguvu mara nane ya ule wa ratili 150. Sivyo. Ule mrefu unavutwa kama inchi 24, huu wa chuma kama inchi 6 tu. Nishati iliyohifadhiwa ni takriban nusu ya mvuto mara umbali, kwa hiyo faida inashuka mpaka kama mara mbili. Tena kuuvuta kunahitaji roda ya kusokota, na wakati huo mwenye upinde wa mkono amekwisha piga mishale kadhaa. Faida halisi ya upinde wa kitako, basi, ilikuwa pale pale Maling: unangoja. Na mtu huhitaji kulelewa nao tangu utoto ili aweze kuutumia.

Jambo hilo la pili ndilo lililowaudhi wakubwa. Mwaka 1139 Mtaguso wa Pili wa Laterano ulipiga marufuku kutumia silaha hii, pamoja na upigaji mishale kwa jumla, dhidi ya Wakristo. Marufuku haikushika. Mwaka 1199 Mfalme Richard I wa Uingereza alipigwa mshale wa upinde wa kitako kutoka ukutani mwa ngome ya Châlus, Ufaransa, na jeraha lile likamuua siku chache baadaye. Mwaka 1215, katika Magna Carta, Mfalme John alilazimishwa kuahidi kuwaondoa nchini wapiga pinde hizo wa kigeni. Na mwaka 1541 sheria ya Henry VIII ilimkataza mtu yeyote asiye na pato la pauni 100 kwa mwaka kuwa na upinde wa kitako au bunduki ya mkono. Pauni 100 zilikuwa mali ya bwana mkubwa. Serikali ilitaka raia waendelee kujizoeza upinde mrefu kwa ajili ya vita, na pia ililinda kulungu wa wenye mashamba.

Je, Afrika? Upande wa magharibi, Wafang wa Gabon na jirani zao walikuwa nao. Paul Du Chaillu aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1861. Kitako chake kimepasuliwa kwa urefu, ugwe unakaa katika pengo, na ukibana pande mbili za kitako kijiti kinausukuma ugwe utoke. Vishale vyake ni vidogo mno, lakini vimepakwa sumu. Mwaka 1909 Henry Balfour wa Oxford aliulinganisha na upinde wa wawindaji wa nyangumi wa Norway, akajenga hoja kwamba ufundi ule ulifika Afrika na mabaharia wa Ulaya.

Kwetu mashariki, mabingwa wa upinde walikuwa Wata, ambao wengine waliwaita Waliangulu, wa nyika ya nyuma ya pwani ya Kenya. Wao waliwinda ndovu kwa upinde mrefu wa mkono, wenye mvuto wa zaidi ya ratili 100, na mishale yenye sumu ya msunguti. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 juu ya ardhi waliyokuwa wakiwinda, na katika operesheni kali ya miaka ya 1956 na 1957 wengi wao walitiwa gerezani. Kwa hiyo nao, kama raia wa Henry VIII, waliamka siku moja wakakuta kazi ya baba zao imekuwa kosa. Tukisoma historia ya silaha za uwindaji tusisahau kwamba nusu yake ni historia ya nani anaruhusiwa.

Marekani pia imepitia mabishano hayo. Kwa miaka mingi majimbo kadhaa yaliruhusu upinde wa kitako kwa walemavu au wazee tu katika msimu wa mishale. Wapiga upinde wa mkono walilalamika kwamba ni bunduki iliyovaa nguo za upinde. Wenzao walijibu kwamba mshale ni mshale. Pennsylvania ilifungua mlango kwa wote mwaka 2009, na Wisconsin ikaanzisha msimu wake maalumu mwaka 2014. Tangu hapo maelfu ya watu wamepanda nao mitini.

Kupanda mti kuvizia si kitu kigeni kwetu. Wazee wetu walijenga madungu mashambani kulinda mpunga na mahindi, na mkwezi wa minazi hupanda kwa kitanzi cha miguuni. Huku walianza kwa majukwaa ya mbao na ya chuma, na watu wengi wakaanguka na kuumia. Katika miaka ya 1980 baadhi yao wakaanza kutumia mkanda mpana wa kukalia, uliofanana na ule wa wakata miti na mafundi wa nyaya. Wanauita tandiko. Mwindaji anauelekea mti, kamba inatoka shinani juu ya kichwa chake na kushuka mpaka kiunoni, naye anaegemea nyuma huku nyayo zake zikikanyaga kijukwaa kidogo. Urefu wa kamba wengi huurekebisha kwa fundo la Prusik, lililoelezwa mwaka 1931 na mpanda milima wa Austria, Karl Prusik: linashika likipata mzigo na kuteleza mzigo ukiondolewa.

Sasa turudi kwenye kulabu. Upinde wa kitako wa leo una uzito wa kilo tatu mpaka nne, umbele wake ni mzito na mpana, na kwa kawaida huvutwa mtu akikanyaga kikuku kilicho mbele. Juu ya mti hana pa kukanyaga. Kwa hiyo wengi huuvuta wakiwa chini, huacha kuweka mshale, hufunga kizuizi cha usalama, hupanda mikono mitupu, kisha huupandisha kwa kamba. Mshale unawekwa baada ya mtu kujifunga na kutulia. Tangu hapo mpaka jioni, nguvu ya ratili 150 au 200 inaning'inia kando ya mbavu zake.

Ndiyo maana wanabishana. Kamba ya kiunoni imegawa nafasi yake pande mbili. Atumiaye mkono wa kulia hulenga kushotoni kwa urahisi, na kuliani kwa taabu. Akiangika upinde upande wa kushoto, karibu na mkono unaoshika mbele, ataupandisha begani kwa mwendo mmoja bila kuvuka kamba. Ncha isielekee mwili wala miguu, kijiti kisiguse kifyatuo, ugwe usikaribiane na kamba yake. Tena mikono ya upinde ikifyatuka hutanuka ghafula. Ikigonga shina au kamba, mshale hupotea na upinde huweza kuvunjika. Kwa hiyo mwindaji makini hujaribu kulenga kila upande mapema, kabla mnyama hajafika, apime kama mikono hiyo ina nafasi. Wachumaji wa karafuu wa Pemba wanaijua akili hii: kigoe na pakacha huangikwa mahali ambapo mkono utavikuta bila kutafuta.

Vijana wetu kadhaa waliozaliwa huku wameanza kufuatana na wenzao mwituni, na wazazi wanatuuliza kama kuna hatari. Ipo, na kubwa yake haiko katika kulenga. Iko katika zile saa za kungoja na katika kuteremka. Mwata asipoona mnyama aliulegeza ugwe akaenda zake nyumbani. Upinde wa kitako haulegezwi hivyo. Mingine mipya ina roda ya kuurudisha ugwe polepole, lakini mingi bado hutaka mwenyewe autoe mshale akiwa bado juu, aushushe upinde kwa kamba, ateremke, kisha apige mshale butu ardhini, giza likiwa linaingia na mikono imekufa ganzi kwa baridi. Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe amefundishwa vizuri asimuulize amepiga kulungu wangapi. Amuulize siku ile aliyorudi mikono mitupu, upinde aliushushaje.