Nani Mwenye Kuruhusu? Haki za Muziki katika Video za Mtandaoni

Watengenezaji wengi wa video za mtandaoni huanza kutafuta muziki kwa kuuliza upi ni wa bure. Swali hilo huwapotosha mapema. La kuuliza ni nani mwenye mamlaka ya kuruhusu wimbo uwekwe kwenye picha. Naye si lazima awe yule aliyeupandisha mtandaoni, na mara nyingi si mtu mmoja.

Tuutazame wimbo "Malaika". Umeimbwa sana harusini na mahotelini hata wengi huudhani ni wa mapokeo, usio na mwenyewe. Kumbe utunzi wake umegombewa miaka mingi: anayetajwa zaidi ni Fadhili William, lakini Adam Salim naye hutajwa. Sheria ya Kenya hulinda utunzi wa muziki katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Fadhili alifariki mwaka 2001. Akihesabiwa kuwa ndiye mtunzi, ulinzi huo utakoma mwishoni mwa 2051. Kisha kuna haki ya rekodi, ambayo ni nyingine kabisa. Miriam Makeba aliurekodi wimbo huohuo, na rekodi yake ina wenyewe. Kwa hiyo anayeupiga kwa gitaa lake nyumbani ameepuka haki ya rekodi tu. Ya utunzi bado inamdai.

Leseni za Creative Commons, ambazo msanii hutumia kuruhusu kazi yake itumiwe kwa masharti aliyoyachagua, zimerahisisha mambo, ila kwa anayezisoma. Toleo la 4.0 linaeleza wazi kwamba kuoanisha muziki na picha zinazosogea ni kutengeneza kazi mpya kutokana na ile ya awali. Maana yake ni nzito: muziki wenye alama ya ND, inayokataza kusambaza kazi kama hizo, hauwezi kutumika katika video yako unayoisambaza, hata ukimtaja msanii kwa heshima zote. Wenye alama ya SA hukulazimu kuitoa video yako kwa masharti yaleyale.

Wengine huutegemea Content ID, mfumo wa YouTube ulioanza mwaka 2007, kana kwamba ni mahakama. Mfumo huo hulinganisha tu yaliyomo kwenye video na mafaili yaliyowasilishwa na wenye haki. Taarabu ya zamani isiyowasilishwa hupita bila dai, na ukimya huo si ruhusa. Kwa upande mwingine, mtu aliyeupiga muziki wa Beethoven kwa mikono yake mwenyewe anaweza kudaiwa kwa sababu rekodi yake inafanana na ya mwingine.

Kwa mtengenezaji wa Dar es Salaam au Mombasa, naamini njia bora ni kumlipa mwanamuziki wa karibu aliyetunga na kurekodi mwenyewe. Kibali kiandikwe, kitaje utunzi na rekodi, matumizi na muda. Aulizwe pia kama wimbo huo ameshaukabidhi kwa msambazaji wa mtandaoni. Akiwa ameukabidhi, msambazaji aombwe asiidai chaneli yako kabla ya video kutoka, la sivyo dai litakujia kupitia msambazaji huyo ilhali kibali unacho mkononi.