Amana na Shamba la Nabothi: Wameru, Ngare Nanyuki na Mwisho wa Dola ya Waingereza

1. Utangulizi

Watu wanapojadili utawala wa kikoloni wa Waingereza, maneno mawili husikika kila mara. Wengine husema kwamba utawala ule ulituletea sheria, shule, hospitali na reli. Wengine husema kwamba ulikuwa unyang'anyi mtupu. Mabishano hayo hayajaisha hata leo. Mwezi Oktoba 2023 Mfalme Charles III, akiwa Nairobi, alieleza huzuni na majuto yake kwa maovu waliyotendewa Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru wao, lakini hakuomba msamaha. Sisi tuliopewa huduma ya kusikiliza maungamo twajua kwamba majuto na toba si kitu kimoja.

Makala hii haikusudii kutoa hukumu juu ya dola nzima iliyotawala kutoka India hadi visiwa vya Karibi. Tunakusudia kutazama tukio moja lililotokea chini ya Mlima Meru, nalo ni kuhamishwa kwa nguvu kwa Wameru wa Ngare Nanyuki mwaka 1951. Kwa maoni yetu tukio hilo lafundisha mambo mawili. Kwanza, dola ile ilihukumiwa kwa neno lake yenyewe. Pili, chombo ilichokitumia kuwaonea watu hakikuondoka pamoja nayo.

2. Ardhi kabla ya Waingereza

Hatuwezi kuanza na Waingereza, wala hatuwezi kulitoa Kanisa nje ya habari hii. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri. Sisi Walutheri twawakumbuka kama mashahidi wa imani, nasi twafanya vema. Lakini mara chache twakumbuka yaliyofuata: majeshi ya Wajerumani yalikuja kulipiza kisasi, watu wengi wakauawa, mifugo ikatekwa na migomba ikafyekwa. Katika miaka iliyofuata ardhi nzuri ya mitelemko ya kusini iligawiwa walowezi wa Kijerumani na Makaburu kutoka Afrika Kusini. Wameru na Waarusha wakajikuta wamezungukwa na mashamba ya wageni, hata baadhi ya wanahistoria wameyaita mashamba hayo pete ya chuma.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Mkataba wa Shirikisho hilo ulisema kwamba ustawi wa watu wa nchi za namna hiyo ni amana takatifu. Neno hilo ni zito. Amana si mali ya aliyeishika. Huulizwa, naye hana budi kutoa hesabu. Hata hivyo mashamba mengi ya Wajerumani hayakurudishwa kwa wenyeji, bali yaliuzwa kwa walowezi wapya. Aidha, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza kwamba ardhi ya Tanganyika ni ardhi ya umma, nayo ikawekwa chini ya uangalizi wa Gavana kwa manufaa ya wenyeji. Sheria hiyo iliwakinga wananchi dhidi ya walowezi kwa kiasi fulani, tofauti na ilivyokuwa katika nyanda za juu za Kenya. Lakini aliyepewa uwezo wa kukinga alipewa pia uwezo wa kuondoa.

3. Ngare Nanyuki

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza mambo ya ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Taarifa yake ya mwaka 1947 ilipendekeza mabadilishano: Wameru wapewe baadhi ya mashamba mahali pengine, na eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro liunganishwe liwe la walowezi kwa ufugaji wa ng'ombe. Wameru wa Ngare Nanyuki na Leguruki walitakiwa kuhamia Kingori. Waliahidiwa fidia, maji na huduma nyingine.

Wameru walikataa. Walieleza kwamba Kingori ni mahali pa joto na magonjwa, pasipofaa kwa watu wala mifugo yao. Zaidi ya hayo, sehemu ya ardhi waliyoambiwa waiache walikuwa wameinunua kwa fedha yao wenyewe. Mwezi Novemba 1951, chini ya Gavana Edward Twining, askari waliingia Ngare Nanyuki. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, na nyumba zao zikachomwa moto. Wengi wao hawakwenda Kingori, wala hawakuipokea fidia.

Msomaji wa Biblia hawezi kuyasoma haya bila kukumbuka sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Ahabu naye hakuanza kwa upanga. Alimwahidi Nabothi shamba jingine la mizabibu lililo bora zaidi, au fedha ya thamani yake. Kwa macho ya mfanya biashara hiyo ilikuwa haki kamili. Nabothi alikataa kwa sababu lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi haupimwi kwa bei. Ndipo zikaja barua zenye muhuri, mkutano wa wazee na mashahidi. Dhuluma ile ilipita katika njia ya sheria tangu mwanzo hata mwisho. Vivyo hivyo Ngare Nanyuki ilikuwa na tume, taarifa na amri iliyotiwa sahihi.

4. Malalamiko mbele ya mataifa

Hapa ndipo Wameru walipofanya jambo ambalo watawala hawakulitazamia. Hawakushika silaha, wala hawakunyamaza. Tangu mwaka 1946 Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wenyeji walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko. Chama cha raia wa Meru kilichangisha fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Japhet alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza jinsi watu wake walivyotendewa.

Baraza hilo lilisikitika, lakini halikuagiza ardhi irudishwe. Baadaye mwaka huo huo shauri lilifika katika Baraza Kuu, na azimio lililowaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika. Kwa hesabu ya kura Wameru walishindwa. Lakini dola iliyojiita mdhamini ilikuwa imeitwa kutoa hesabu mbele ya mataifa, na aliyeiita ni mwananchi wa kijijini. Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, njia ya New York ilikwisha kufunguliwa, na Mwalimu Julius Nyerere aliipita mwaka 1955.

Tulinganishe na nchi jirani. Mwezi Oktoba 1952 serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari. Katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 1,000 walinyongwa, na mwezi Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hata kufa katika kambi ya Hola. Dola iliyokwisha kuiacha India mwaka 1947, ikaaibika huko Suez mwaka 1956 na kuipa Ghana uhuru mwaka 1957, haikuweza tena kuyatetea mambo hayo mbele ya watu wake yenyewe. Gharama za vita ziliidhoofisha, ndiyo; lakini iliishiwa pia na maneno ya kujitetea. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

5. Urithi unaobishaniwa

Je, wanaousifu utawala ule hawana haki yoyote? Tuseme kweli. Reli ya Kati waliyoitaja mara nyingi ilijengwa na Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka 1914. Lakini sheria, Kiingereza na njia ya kupeleka malalamiko vilikuwa ndivyo vyombo alivyovitumia Japhet mwenyewe. Hatuoni kwamba hilo laifuta dhuluma. Fimbo ya mchungaji ikitumika kuwapiga kondoo, haiwi njema kwa sababu kondoo mmoja aliweza kuiegemea.

Tena, kumbukumbu yenyewe ilifichwa. Uhuru ulipokaribia, maofisa waliagizwa kuchoma au kuondoa majalada ambayo yangeiaibisha serikali yao. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba maelfu ya majalada kutoka makoloni 37 ya zamani yalikuwa yamehifadhiwa kwa siri huko Hanslope Park, Uingereza. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, huku ikikataa kwamba ina wajibu wa kisheria. Anayechoma daftari la deni hajalipa deni.

6. Hitimisho: amana iliyo mikononi mwetu

Ingekuwa rahisi kukomea hapa, tukiwanyoshea kidole Ahabu wa ng'ambo. Lakini kanuni ya mwaka 1923 haikupanda meli pamoja na Gavana. Uwezo wake juu ya ardhi ulipita kwa serikali huru, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Kanuni hiyo ina wema ndani yake, kwa kuwa humzuia tajiri asiinunue nchi. Hata hivyo neno mdhamini lingali lile lile, na swali la Wameru lingali lile lile: mdhamini atatoa hesabu kwa nani?

Mtume Paulo, katika sura ya 13 ya Warumi, ametufundisha kuitii mamlaka. Wameru wa mwaka 1951 hawakuivunja sura hiyo. Waliikumbusha mamlaka kwamba nayo ni mtumishi. Hiyo ndiyo kazi ya Eliya, aliyetumwa kumkuta Ahabu ndani ya shamba lenyewe.

Kanisa nalo lina viwanja, mashamba na misitu. Baadhi ya mali hiyo ilipatikana katika siku zile zile ambapo ardhi iligawiwa kwa amri ya watawala. Ndugu wachungaji na wanafunzi wa theolojia, kabla ya kuwataka wengine wafungue majalada yao, yatupasa kuyafungua ya kwetu, na kuwauliza wazee wa mahali pale, wakingali hai, kiwanja cha usharika kilikuwa cha nani.